Konsoli au Kompyuta? Historia Fupi ya Mashine za Michezo Katika Ufipa

Ndugu wanafunzi wa zamani, na ninyi wadogo zetu ambao bado mnaamshwa na kengele ya alfajiri:

Katika risala yao kwa chama chetu, wanafunzi wa bweni waliomba mambo matatu: magodoro, tangi la maji, na mashine ya kuchezea michezo ya televisheni kwa ajili ya ukumbi wao. Magodoro na tangi havikuleta ubishi. Ombi la tatu lilileta. Wajumbe wengine walicheka, wengine walikasirika, na waliobaki wakagawanyika pande mbili. Upande mmoja ulitaka inunuliwe konsoli, yaani ile mashine inayochomekwa kwenye televisheni na ambayo kazi yake ni michezo. Upande wa pili ulitaka inunuliwe kompyuta ya michezo, yaani kompyuta yenye nguvu kubwa ya kuchora picha, ambayo pamoja na michezo inafanya kazi nyingine zote za kompyuta. Kwa kuwa nilisema sana katika kikao hicho, Katibu aliniadhibu kwa kunitaka niyaandike niliyoyasema.

Somo langu chuoni lilikuwa historia. Mtu wa historia akiulizwa kinunuliwe nini, hana budi kuuliza kwanza vile vilivyokwisha kununuliwa vilifika wapi. Ndiyo maana makala haya yanaanza mbali kidogo kabla ya kurudi ukumbini kwetu.

Nitangulie kusema kwamba mimi si mtu asiye na upande. Nilisoma chuo kikuu kwa fedha zilizotokana na konsoli. Hali kadhalika, namjua kijana mmoja aliyekosa shule kwa sababu ya konsoli. Yote mawili nitayaeleza mahali pake.

MAMA NA BINTI

Watu wengi hudhani kwamba michezo ya namna hii ilianzia kwenye konsoli, kisha ikahamia katika kompyuta. Mambo yalikuwa kinyume. Mwaka 1962, katika Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts huko Marekani, vijana kadhaa walitunga mchezo ulioitwa Spacewar, wa vyombo viwili vya angani vinavyopigana. Waliutunga katika kompyuta iliyoitwa PDP-1. Kompyuta hiyo ilikuwa na ukubwa wa makabati kadhaa, na bei yake ilizidi dola 100,000. Hapakuwa na mzazi ambaye angemnunulia mwanawe kitu kama hicho.

Mhandisi mmoja, Ralph Baer, alikuwa na wazo jingine. Aliona kwamba televisheni imo tayari katika nyumba za watu wa huko, tena kwa muda mrefu wa siku imezimwa. Kwa nini kisitengenezwe kijisanduku cha kuchomeka humo ili watu wacheze? Kijisanduku hicho, kilichopewa jina la Odyssey, kilianza kuuzwa mwaka 1972. Kwa hiyo konsoli ilizaliwa kuwa njia ya kupata mchezo bila kununua kompyuta. Neno hili tulishike, maana tutalirudia.

Huku kwetu mambo yalikwenda kwa mwendo wake. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Kufikia mwaka 1974 Tanzania nzima ilikuwa na kompyuta saba. Mwaka huo huo, ambao ndio ulioundwa Mkoa wetu wa Rukwa kutokana na sehemu za Mikoa ya Mbeya na Tabora, Serikali ilipiga marufuku kuingiza nchini kompyuta na vifaa vyake, pamoja na televisheni.

Siwalaumu wazee wetu. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda ghafla tangu 1973, ukame ulikuwa umeharibu mazao, na fedha za kigeni zilitakiwa kununulia chakula. Tena kazi ya mahesabu ya Serikali iliyokuwa imekabidhiwa kompyuta ilikuwa imevurugika badala ya kunyooka. Mtu mwenye njaa hawezi kulaumiwa kwa kuahirisha kununua saa.

Lakini kila uamuzi una matokeo yake. Zanzibar ilikwisha kuanza televisheni ya rangi mwaka 1973. Bara ilisubiri hadi vituo vya watu binafsi vilipofunguliwa mwaka 1994, na Televisheni ya Taifa ikafuata mwaka 2000. Marufuku ya kompyuta ililegezwa pole pole katika miaka ya 1980. Kijana wa Ufipa aliyezaliwa karibu na mwaka 1980, kama mimi, alikutana na mchezo miaka mingi kabla ya kuigusa kompyuta. Tulimjua binti kabla ya kumjua mama.

MCHEZO UNAPANDA MLIMA

Wanaoijua Ufipa wanajua kwamba si mahali ambapo mtu hupitia kwa bahati. Mji wa Sumbawanga upo kiasi cha mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Mashariki nchi inaporomoka kwenda katika bonde la Ziwa Rukwa, na magharibi inashuka kuelekea Ziwa Tanganyika. Barabara ya kutoka Tunduma, yenye kilomita zaidi ya 200, ilikuwa ya vumbi kiangazi na ya matope masika. Lami ilikuja baadaye, kutokana na mkataba wa msaada uliotiwa saini na Marekani mwaka 2008. Katika miaka ya 1990 lori lililotoka Tunduma likiwa na sukari na sabuni liliweza kulala njiani siku mbili tatu. Umeme ulikuwa wa majenereta ya dizeli, na baadaye kwa miaka mingi umetoka Zambia kwa kupitia Mbala.

Hata hivyo mchezo ulipanda mlima. Wa kwanza kuingia shuleni kwetu ulikuwa kile kidude cha plastiki cha kupanga matofali, kilichotumia betri. Uliingia ndani ya soksi. Nilikuwa kidato cha pili, mwaka 1996. Wakati ule hakuna aliyejua kwamba mchezo ule uliitwa Tetris, wala kwamba uliandikwa Moscow mwaka 1984 na Mrusi aitwaye Alexey Pajitnov, tena katika kompyuta. Hivyo hata ndani ya soksi zetu mama alikuwamo, ila hatukumtambua.

Baada ya hapo zikaja mashine za kaseti. Zilikuwa nakala za konsoli ya Nintendo iliyotoka Japani mwaka 1983, nazo zilitufikia miaka zaidi ya kumi baadaye. Juu ya kaseti paliandikwa kwamba ndani yake mna michezo 9,999. Tulipohesabu, tuliona ni michezo ile ile michache inayorudiwa kwa majina mbalimbali. Mfanyabiashara mmoja wa nyuma ya stendi aliiweka mashine kama hiyo katika chumba chake na kutoza fedha kwa kila zamu. Chumba hakikuwa na dirisha. Ulipotoka nje, jua la saa nane lilikupiga machoni kama mwizi aliyemulikwa.

Hapo ndipo ninapomkumbuka jirani yangu wa dawati, ambaye sitamtaja jina. Tulikuwa kidato cha tatu. Alianza kwa kucheza nauli yake, akaja akacheza fedha ya mafuta ya taa, na mwisho akacheza ada ya muhula. Aliporudishwa nyumbani kufuata ada, baba yake, mkulima wa mahindi na ulezi, alikuwa amekwisha kuuza gunia la mwisho. Hakurudi tena shuleni.

Ningeweza kuandika hapa kwamba mimi nilikuwa na busara kuliko yeye. La hasha. Nilikuwa nimekaa naye kwenye benchi lile lile. Tofauti yetu ilikuwa moja tu: ada yangu ilikuwa ikilipwa na kaka yangu mwenyewe, mkononi kwa mhasibu wa shule, haikupitia mfukoni mwangu.

KIBANDA CHA KAKA

Kaka huyo huyo alikuwa fundi redio. Mwaka 2001 alikwenda Tunduma kununua spea, akarudi na mashine ya PlayStation iliyokwisha kutumika, padi mbili, na televisheni ya inchi 14. Mashine yenyewe ilikuwa imetolewa Japani Desemba 1994, na wakati huo ndugu yake, PlayStation 2, alikwisha kutoka mwaka 2000. Huyo wa pili ndiye aliyekuja kuuzwa kuliko konsoli nyingine yoyote duniani, zaidi ya mashine milioni 150. Kaka hakujua hayo. Alichojua ni kwamba vijana wa mjini wanapenda mpira, na kwamba mechi ya dakika 10 yaweza kutozwa shilingi 50.

Alikodi chumba cha mlango mmoja, akaweka benchi mbili na stabilaiza, maana umeme ulikuwa ukishuka na kupanda kama homa. Jicho la kusomea diski lilipochoka, aliigeuza mashine kifudifudi nayo ikaendelea kusoma. Jambo hilo nimekuja kugundua kwamba lilifanywa dunia nzima. Mwezi wa Juni na wa Julai, wakati baridi ya Sumbawanga inapouma, waliokuwa wakisubiri zamu walipashia vidole joto lililotoka nyuma ya televisheni. Mwaka 2003 aliongeza mashine mbili za PlayStation 2.

Nilimweleza habari za jirani yangu wa dawati. Hakusema kitu, lakini kesho yake aliandika kwa chaki mlangoni: MWENYE SARE HAINGII KABLA YA SAA KUMI. Tena mtoto akileta noti kubwa, alimuuliza imetoka wapi, na asiporidhika na jibu alimrudisha. Wapo waliomcheka kwamba anafukuza wateja. Yeye alijibu kwamba anachouza ni dakika kumi kumi, wala hauzi watoto wa watu.

Kuanzia 2002 hadi 2005 nilikuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nauli yangu ya basi, madaftari yangu, na sehemu kubwa ya chakula changu vilitoka katika kibanda kile. Daftari lake la hesabu ninalo hadi leo. Kila mstari ni mechi, na kila ukurasa ni siku. Nikilifungua huwa naona wazi kwamba shahada yangu ilijengwa na vijana wa Sumbawanga, shilingi hamsini baada ya shilingi hamsini, nao hawakujua.

Sasa tujiulize: je, konsoli ile ilikuwa rahisi au ghali? Kwa kijana mmoja mmoja ilikuwa ghali kabisa. Miongoni mwa wateja wote wa kaka sidhani kama walikuwako watatu ambao wazazi wao wangeweza kuinunua. Lakini kwa mji ilikuwa rahisi, kwa sababu bei yake iligawanywa na vidole vya vijana wote. Urahisi wake haukutokana na bei ya dukani. Ulitokana na kwamba haikuwa ya mtu mmoja.

MATANURU YA WAZEE

Wasomaji wataniwia radhi nikiacha kibanda kidogo na kwenda porini. Ukitembea katika vilima vya Ufipa bado waweza kukuta magofu ya malungu, yaani matanuru marefu ya udongo ambamo wazee wetu waliyeyushia mawe ya chuma. Yaliyosimama vizuri yana kimo cha kiasi cha mita 3. Hayakuhitaji mivukuto, matundu ya chini yalivuta hewa yenyewe, na tanuru likawaka. Chuma kilichotoka humo kilikuwa bado kina takataka, kikapelekwa katika tanuru dogo, kintengwe, ambalo lilipulizwa kwa mivukuto. Kutoka hapo mhunzi alikichukua akafua jembe, shoka, mkuki au kisu.

Watu wa mkutano wetu waliosema kwamba mashine ya kazi moja ni upotevu wa fedha walilisahau ilungu. Ilungu lilikuwa na kazi moja tu. Halikupikiwa ugali, wala halikukaushiwa samaki. Lakini halikuwa upotevu, maana halikujengwa na mtu mmoja kwa ajili yake mwenyewe. Lilijengwa na kikundi chini ya fundi mkuu, na majembe yaliyotokana nalo yalilima mashamba ya wengi. Kwa upande mwingine, nyundo ya mhunzi ilikuwa mali ya mhunzi, nayo ilifanya kazi mia.

Basi kanuni ninayoiona katika historia yetu wenyewe ni hii: chombo cha kazi moja kinafaa kikiwa cha wengi, chombo cha mtu mmoja kinatakiwa kifanye kazi nyingi. Kwa kanuni hiyo konsoli ni ilungu, na kompyuta ni nyundo.

MAMA ANAFIKA

Nilipoajiriwa na kupata mishahara ya kwanza, nilinunua Kariakoo kompyuta ya mezani iliyokwisha kutumika. Niliisafirisha kwa basi hadi Sumbawanga, siku mbili, skrini ile nzito ya kioo nikiwa nimeipakata kama mtoto mgonjwa. Mchana wa Jumamosi nilichapia watu barua za maombi ya kazi, risala za harusi na mitihani ya walimu. Jioni ilikuwa mashine ya michezo: karata, matofali yale yale ya Moscow, na mpira. Haikuwa kompyuta ya michezo. Haikuwa na kadi ya picha ya maana, na mpira ulikuwa ukikwamakwama wachezaji wakijazana golini. Hata hivyo ilitosha.

Ilipozeeka sikuitupa. Niliongeza kumbukumbu, baadaye nikabadili diski, kisha sanduku la kupokelea umeme. Kwa miaka zaidi ya kumi ilikuwa ile ile, kama shoka lililobadilishwa mpini mara nyingi. Binti wa kaka alijifunzia humo kuchapa, akaendelea kwa kudadisi mwenyewe mpaka akaanza kuandika programu ndogo ndogo. Leo ndiye ninayempigia simu mashine ya ofisi inaponishinda. Konsoli za kaka, ambazo zililisha nyumba nzima, hazikumfundisha kitu zaidi ya kucheza. Na majicho yake yalipokufa mwishowe, kibanda kilifungwa.

Lipo jambo jingine linaloonyesha tofauti ya hawa wawili. PlayStation 3 ilipotolewa mwaka 2006, mwenye kuinunua aliruhusiwa kuiwekea programu ya Linux na kuitumia kama kompyuta. Wataalamu waliichangamkia. Jeshi la Anga la Marekani liliunganisha mashine 1,760 za namna hiyo likapata kompyuta kubwa ya utafiti, iliyozinduliwa mwaka 2010. Lakini Aprili mwaka huo huo mtengenezaji alitoa marekebisho ya programu yaliyoufunga mlango ule. Mwenye mashine ilimbidi achague: ayakubali na kuipoteza kompyuta yake, au ayakatae na kuzuiwa kucheza na wenzake kwa njia ya intaneti.

Hapo nilielewa kwamba konsoli, hata ukiilipia kwa jasho lako, ufunguo mmoja hubaki kwa aliyeitengeneza. Kompyuta ukiinunua unaweza kuifungua kwa bisibisi, ukatazama ndani, ukaongeza, ukapunguza, ukaharibu na ukajifunza kutokana na kuharibu.

HESABU ZA LEO

Sasa turudi ukumbini. PlayStation 5 ilipotoka Novemba 2020, bei yake huko Marekani ilikuwa dola 499 kwa ile inayosoma diski, na dola 399 kwa isiyosoma. Bei za Kariakoo ni jambo jingine, lakini uwiano haubadiliki sana: kompyuta ya michezo yenye uwezo unaolingana na konsoli kwa kawaida ni ghali kuliko konsoli hiyo. Sababu yake ni kwamba mtengenezaji wa konsoli hukubali faida ndogo katika mashine, na pengine hasara, kwa kuwa atairudisha katika kila mchezo utakaonunua. Kwa hiyo wanaosema konsoli ni rahisi wasisahau kuhesabu michezo. Na wanaosema kompyuta ni ghali wasisahau kwamba michezo yake mingi ya zamani huuzwa kwa bei ndogo na bado inachezeka.

Umeme nao una bei. Konsoli ya sasa ikiwa inachezwa hutumia kiasi cha wati 200, kwa hiyo uniti moja ya umeme huisha kwa saa 5. Kompyuta ya michezo inayotumia wati 400 huimaliza uniti hiyo kwa saa 2 na nusu. Kompyuta ya mkononi ya kawaida, inayotumia wati 50, hukaa nayo saa 20. Anayejua namna shule inavyohangaika kununua umeme hatazidharau tarakimu hizi.

Ya tatu ni intaneti. Michezo mikubwa ya siku hizi huwa na ukubwa wa gigabaiti 50, 100, na zaidi. Kuipakua Sumbawanga kwa vifurushi vya simu ni sawa na kuteka maji ya kuoga kwa kijiko. Ndiyo maana konsoli isiyosoma diski isifikiriwe kabisa. Diski huazimwa, hubadilishwa na huuzwa tena. Mchezo uliopakuliwa haumtoki aliyeupakua.

Ya nne ni idadi ya wachezaji. Konsoli hukaa mbele ya televisheni, padi mbili zikachezwa, na bweni zima likasimama nyuma likishangilia. Ni kweli kompyuta nayo yaweza kuunganishwa na televisheni na kuchomekwa padi. Lakini aghalabu mwenye kompyuta ya michezo hukaa peke yake, uso karibu na skrini, vipokea sauti masikioni. Ukumbi wa wanafunzi hautafuti hilo.

USHAURI WANGU

Kwa mtu mmoja mwenye nafasi moja tu ya kununua, yaani wengi wenu wadogo zangu mtakapopata mshahara wa kwanza, jibu langu ni kompyuta. Wala isiwe ya michezo. Nunua ya kawaida, iliyo imara, yenye nafasi ya kuongezewa. Ikikuzalishia, itajinunulia yenyewe kadi ya picha. Kompyuta ya michezo ni ya mtu ambaye tayari ana kazi inayohitaji nguvu zake: mchoraji wa majengo, mhariri wa filamu, mtunzi wa michezo yenyewe. Kuinunua kwa ajili ya kucheza tu ni kununua trekta kwa ajili ya kwendea sokoni.

Kwa shule napendekeza mkutano ukubali mambo mawili na kukataa moja. Tukubali kwanza kununua kompyuta za kawaida, hata zilizokwisha kutumika, kwa kuwa fedha za kompyuta moja ya michezo zitatupatia zaidi ya moja. Tukubali pili konsoli moja ya ukumbi, ya toleo la nyuma, inayosoma diski, padi mbili, ichezwe Jumamosi na Jumapili, ufunguo akae nao mwalimu wa bweni. Tukatae kompyuta ya michezo, ambayo ni ghali mno kwa ukumbi na kubwa mno kwa somo.

Najua wapo watakaosema kwamba baada ya kusimulia habari za jirani yangu wa dawati sistahili kuomba konsoli iletwe shuleni. Nimelifikiri sana. Lakini kijana yule hakupotezwa na mchezo peke yake. Alipotezwa na chumba kisicho na dirisha, na mtu mzima aliyepokea noti ya ada bila kuuliza. Kibanda cha kaka kilikuwa na mashine ya namna ile ile, lakini kilikuwa na maandishi ya chaki mlangoni. Tukiikataa mashine, vyumba vile bado viko mjini, na wanafunzi wanajua njia ya kupitia nyuma ya uzio kama sisi tulivyoijua.

Jirani yangu huyo nilikutana naye mwaka jana katika stendi ya Sumbawanga. Analima mahindi na maharage upande wa Laela. Mtoto wake yuko kidato cha pili, katika shule hii hii. Aliniuliza kama ni kweli tunataka kuleta gemu bwenini. Nilimwambia kwamba jambo hilo lingali linajadiliwa, nikangoja anikaripie. Alinyamaza kidogo, kisha akasema:

"Leteni, mwenzangu. Ada siku hizi hakuna. Ila hela yake ya matumizi nitamkabidhi mwalimu mkononi, mwenyewe."

Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule za sekondari za Serikali iliondolewa tangu mwaka 2016. Yeye alisema hivyo akicheka, nami nikacheka naye, lakini kila mmoja wetu alikuwa akitazama pembeni.

Ndugu zangu, tukutane mkutanoni na kupiga kura. Nanyi wadogo zetu, ikipita, chezeni. Na mkimaliza, mmoja wenu aende kwenye kompyuta aulize mchezo ule uliandikwaje.